Ushahidi wa Pedi Kuukuu

Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200, likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, limebeba nguvu ambayo, lau ingegeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji yaliyotekwa kisimani asubuhi hiyo. Na dereva akanyagapo breki mpaka gari likasimama kabisa, ndivyo mambo yanavyokuwa, kwa kuwa nguvu haipotei ila hugeuka, na mahali inapogeukia ni baina ya diski ya chuma na vipande vidogo vilivyogandishwa juu ya bati, ambavyo kila kimoja kinaweza kufumbatwa katika kiganja cha mtu mzima. Wazee wetu waliopekecha moto kwa vijiti viwili walilijua jambo hili kabla gari halijazaliwa. Wao waliutafuta moto, na dereva anatafuta kusimama. Joto kwake ni gharama, na pedi za breki ndizo akiba anayotumia kuilipia gharama hiyo, chembe baada ya chembe, kila anapokanyaga.

Pedi, basi, zimeumbwa ili ziishe. Zimefanywa laini kuliko diski kwa makusudi, zilike zenyewe na kuinusuru ile iliyo ghali zaidi, na kuinusuru roho ya mtu, ambayo haina bei. Kwa sababu hiyo kubadilisha pedi ni kazi isiyoepukika kwa kila mwenye gari, na aghalabu swali lake huulizwa kwa ufupi: bei gani, na muda gani? Mimi nakusudia kulitazama jambo hili kwa upana zaidi, tangu asili ya breki zenyewe hadi soko la spea na vumbi linaloachwa njiani, na neno nitakalolishikilia ni hili: pedi kuukuu ni shahidi, na mtu abadilishaye pedi bila ya kuzihoji zile alizozitoa amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Maarifa haya yana umri. Mwaka 1902, Mwingereza Frederick Lanchester wa Birmingham alipata hataza ya breki ya diski, yaani sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu na kubanwa pande mbili. Lakini vibanio vyake vilikuwa vya shaba, na shaba ikisuguana na chuma ilipiga ukelele wa kukera masikio, na juu ya barabara za vumbi za zama hizo ikalika upesi mno. Mwingereza mwenziwe, Herbert Frood, aliyeanza mwaka 1897 kutengeneza vizuizi vya magurudumu ya mikokoteni ya farasi katika vilima vya Derbyshire, na ambaye jina lake limejificha ndani ya jina la Ferodo lisomekalo hata leo juu ya maboksi ya pedi madukani, ndiye aliyeleta asbesto katika kazi hii, nayo ikawa kimya zaidi na yenye kustahimili joto. Hata hivyo breki ya diski ilikaa pembeni kwa nusu karne, ilhali breki ya ngoma na vibao vyake ndiyo iliyotawala, mpaka mwaka 1953 gari la Jaguar lililofungwa breki za diski za Dunlop liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, na miaka miwili baadaye Citroën DS ikazileta diski katika magurudumu ya mbele ya gari la kifamilia. Sababu ya ushindi huo ni nyepesi kufahamika: ngoma hulifungia joto ndani yake kama chungu kilichofunikwa, na diski iko wazi, upepo unaipiga, nayo hupoa kwa kadiri gari linavyokwenda.

Namna zinavyofanya kazi haina budi kuelezwa, maana ndiyo lugha ambayo shahidi wetu atazungumza. Mguu ukikanyaga, masta silinda husukuma mafuta ya breki ndani ya mirija, na mafuta hayo, kwa ile kanuni iliyobainishwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17 kwamba kioevu kilichofungiwa hupeleka msukumo wake sawasawa pande zote, huisukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa. Katika magari mengi madogo pistoni iko upande wa ndani tu: yenyewe huigandamiza pedi ya ndani, na mwili wa kalipa, ulioachwa uteleze juu ya pini mbili, hujivuta kinyume na kuileta pedi ya nje, hata diski ikabanwa pande zote kwa nguvu zilizo sawa. Mguu ukiondoka, mpira mdogo uizungukao pistoni, ambao ulikuwa umejipinda kidogo, hurejea hali yake na kuirudisha pistoni nyuma kwa masafa ya unywele. Hakuna springi kubwa wala mtambo. Usalama wote umeegemea mpira huo na pini hizo mbili kuwa safi na zenye grisi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Kwa kadiri pedi zinavyopungua, pistoni husogea mbele zaidi, na mafuta hushuka kwenye kikopo chake chini ya boneti. Kushuka huko taratibu si lazima kuwa ni uvujaji. Mara nyingi ni habari kwamba pedi zimekwisha. Mtu aonaye kikopo kimepungua akajaza bila ya kuangalia magurudumu ameizima taa iliyokuwa ikimwonya, na siku pedi mpya zitakapofungwa na pistoni kurudishwa nyuma, mafuta yaliyozidi yatafurika na kuila rangi ya gari.

Dalili nyingine husikika. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma ambacho, unene wa pedi ukikaribia milimita 2 au 3, hugusa diski na kupiga mluzi mwembamba. Pedi mpya aghalabu huwa na milimita 10 hadi 12 za kiini cha kusugulia, na desturi ya mafundi waangalifu ni kuzibadilisha zinapofika milimita 3, bila ya kungoja zaidi. Mwenye kuusikia mluzi akaongeza sauti ya redio atafika mahali pa sauti nyingine, nzito na ya kukwaruza, ya bati kwa diski. Na hapo kazi iliyokuwa ya pedi imekwisha kuwa kazi ya pedi na diski pamoja.

Sasa na tuje kwa shahidi mwenyewe. Zamani kidogo nilikuwa na gari lililokuwa likivuta upande wa kulia kila nilipokanyaga breki. Katika muda wa mwaka mmoja nilibadilishiwa pedi za mbele mara mbili, katika gereji mbili mbalimbali, na mara zote mbili gari lilitulia kwa majuma machache na kisha likarudia tabia yake. Mara ya tatu kijana mmoja mwanagenzi, pasipo kuagizwa na mtu, alitandaza kipande cha boksi chini na kuzipanga pedi nne alizozitoa kwa mpangilio wa mahali zilipokuwa: mbili za kulia, zimelika nusu kwa nusu kama mapacha, na mbili za kushoto, ya nje karibu mpya, ya ndani imefika kwenye bati. Akaniita, akasema, "Mzee, hizi pini zako hazitelezi." Na kweli, pini za kalipa ya kushoto zilikuwa zimekauka na kushika kutu, kalipa haikuweza kujivuta, na gurudumu zima lilikuwa likizuiwa na pedi moja pekee. Seti mbili za pedi nilizinunua na kuziharibu kwa kukosa grisi ya thamani ya kikombe cha chai.

Tangu siku ile nimezisoma pedi kuukuu kama hakimu asomavyo hati. Zikilika sawasawa, ya ndani na ya nje, ya kushoto na ya kulia, zinashuhudia kwamba mfumo ni mzima na kazi iliyobaki ni kuzibadilisha tu. Ya ndani ikilika pekee, ama pistoni hairudi nyuma, ama pini zimeshika. Ya nje ikilika zaidi, mwili wa kalipa ukishakwenda mbele haurejei. Pedi iliyolika mshazari, nene ncha moja na nyembamba ncha ya pili kama kabari, inatangaza kuwa pini moja inateleza na mwenziwe amekwama. Upande mmoja wa gari ukilika kuliko wa pili, pistoni inashukiwa, na pia mpira wa mafuta, ambao ukizeeka huvimba kwa ndani na kuyazuia mafuta yasirudi. Uso uliong'aa kama kioo, wenye nyufa ndogondogo, unaeleza joto lililopita kiasi. Na pedi iliyolowa mafuta haina la kujitetea, yafaa itupwe na chanzo cha uvujaji kitafutwe. Hakuna mashine iwezayo kutoa habari nyingi kiasi hiki kwa gharama ndogo kama hii.

Kuhusu kazi yenyewe, utaratibu wake si mrefu, lakini kila hatua ina sababu. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini, kwani gari lililo juu ya jeki halitaki mabavu. Magurudumu mengine hutiwa vizuizi. Na baada ya kuinuliwa, gari huwekwa juu ya stendi, maana jeki ni chombo cha kuinulia na kamwe si cha kumlinda aliyeingiza mwili wake chini. Bolti ya chini ya kalipa hufunguliwa na kalipa kuinuliwa, au zote mbili hufunguliwa na kalipa ikafungwa kwa waya mahali pa juu, isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta, kwa sababu mpira ukinyongwa leo hupasuka siku nyingine pasipo kutoa habari. Kabla ya pedi mpya kuingia, viti vyake husuguliwa kwa brashi ya waya hata kutu ikaondoka, pini hutolewa, hufutwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, wala si grisi ya kawaida ya beringi, ambayo huvimbisha mpira. Pistoni hurudishwa kwa kibanio polepole, huku jicho moja likiwa kwenye kikopo cha mafuta. Katika magari ambayo breki ya mkono imo ndani ya kalipa za nyuma, pistoni aghalabu hurudi kwa kuzungushwa kama skrubu, na anayeisukuma kwa nguvu huivunja. Na yale yenye breki ya mkono ya umeme hutaka kwanza kuamrishwa kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Pedi hubadilishwa kwa mhimili mzima, kushoto na kulia, kwani kubadilisha upande mmoja ni kulifundisha gari kuvuta.

Baada ya yote kufungwa linabaki tendo moja dogo ambalo kusahauliwa kwake kumeponza wengi: kukanyaga breki mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka kanyagio liwe gumu. Pistoni iliyorudishwa nyuma iko mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza huenda mpaka chini pasipo kukamata kitu. Lililo baya ni kuligundua jambo hilo kwenye lango la gereji, mbele ya wapita njia.

Diski nayo haifai kusahauliwa. Pembezoni mwake au kwenye kitovu chake imechorwa namba ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, na ikiwa iko chini ya namba hiyo, hakuna ufundi wa kuiokoa. Kukereza diski iliyopinda au iliyoingia mifereji ni jambo jema endapo baada ya kukerezwa itabaki juu ya kipimo hicho. Vinginevyo ni kumuuzia mtu wembamba kwa jina la ulaini, kwa kuwa diski nyembamba hupata moto haraka na kupasuka. Na pedi mpya juu ya diski nzuri bado ni wageni wasiojuana: hutaka vituo kama kumi vya wastani, kutoka mwendo wa kilomita 50 hadi karibu kusimama, kwa kupumzishwa baina ya kimoja na kingine, ili utando mwembamba wa pedi ujipake sawasawa juu ya chuma. Katika kilomita mia mbili au tatu za mwanzo dereva ajiepushe na kukanyaga kwa ghafla, isipokuwa dharura.

Mafuta ya breki yana kisa chake kwetu sisi tulio pwani. Yale ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, hata yakiwa ndani ya kikopo kilichofunikwa, na hewa ya Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam haikosi unyevu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya sharti yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kipimo hicho hushuka hadi 140. Ya DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Yakichemka huzaa mapovu ya mvuke, na mvuke, tofauti na kioevu, hukubali kushindiliwa, kwa hiyo mguu wa dereva huzama bila ya kupata upinzani. Ndiyo maana mafuta hutakiwa kubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na mfumo kutolewa upepo, hata kama kikopo kinaonekana kimejaa.

Ubaya wa mafuta ya namna hiyo hudhihirika mlimani. Gari lile lile la kilo 1,200 likishuka mita 300 kwa wima, lau mlima wote ungeachiwa breki peke yake, joto litakalozaliwa lingechemsha maji zaidi ya nusu ya debe. Seuze lori lenye shehena, ambalo uzito wake ni mara nyingi zaidi. Madereva washukao Kitonga wakitoka Iringa kuelekea Morogoro, na wale washukao kuelekea Salgaa katika barabara ya Nakuru na Eldoret, wanayajua haya kwa miili yao. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta ya injini, tabia iliyoipa Salgaa sifa mbaya, ni kuiondolea injini sehemu yake ya mzigo na kuutupa wote juu ya pedi. Gia ndogo ndiyo breki ya kwanza ya mlimani. Pedi ni msaidizi wake.

Soko la spea ni mlango ambao uaminifu huingia au hutoka. Mnunuzi aingiaye maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, hukutana na maboksi yanayofanana na bei zisizofanana, na ghushi ya siku hizi imejifunza kuvaa nguo za kitu halisi. Hata hivyo zipo alama za kutazamwa. Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa juu ya pedi za badala hutaka utendaji wake usitofautiane na zile za asili kwa zaidi ya asilimia 15, na pedi iliyofaulu hubeba herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kama vile E1 ya Ujerumani au E11 ya Uingereza. Nyingine hubeba herufi mbili zinazoeleza kiasi cha msuguano, ya kwanza katika joto la kawaida na ya pili katika joto kubwa: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE, kwa mfano, inakiri kuwa ikichomwa na joto hulegea, na kukiri huko kuna faida kwa mtu wa milimani. Alama zaweza kuigwa, sikatai. Lakini pedi isiyo na alama yoyote, wala jina, wala namba, imeanza kwa kujificha, na kitu kinachojificha hakistahili kukabidhiwa roho za watu.

Hadhari ya mwisho ni ya vumbi. Asbesto iliyosifiwa zamani ilikuja kutambuliwa kuwa muuaji wa mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake mwaka 2005. Shaba iliyochukua sehemu ya nafasi yake nayo ilionekana kudhuru samaki inapooshwa na mvua hadi mitoni, na majimbo ya Washington na California nchini Marekani yakatunga sheria mwaka 2010 za kuipunguza. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya, kwa mara ya kwanza, uliweka kikomo cha vumbi la breki lenyewe. Kwa fundi wa kwetu maana ya haya yote ni nyepesi: asipulize gurudumu kwa mdomo wala kwa kompresa, alifute kwa kitambaa chenye maji au dawa ya kusafishia breki, kwa maana hakuna ajuaye pedi isiyo na jina imechanganywa kitu gani, na mwanagenzi aliyeinama karibu yake ni amana ya wazazi wake.

Nani, basi, ni mdhamini wa breki? Muuza spea ana sehemu yake, fundi ana sehemu yake, na serikali yenye kupima bidhaa na kukagua magari ina yake; lakini wote hao hulitazama gari mara moja moja, na mwenye gari hukaa nalo kila siku. Hahitaji kuwa fundi. Kazi ikikaribia kuisha, gari likiwa bado juu ya stendi, na amwambie fundi kwa heshima: "Fundi, naomba zile za zamani, na unionyeshe ipi ilikuwa wapi." Fundi mwaminifu hataudhika, bali atafurahi kupata mtu wa kumweleza, na yule ambaye amekwisha kuzitupa atajifunza kutozitupa mara ya pili. Wazipange nne chini, juu ya kipande cha boksi, kama alivyofanya yule kijana, na wazitazame pamoja kabla gari halijashushwa kutoka kwenye stendi, maana pini ikiwa imeshika kutu, hapo bado iko mkononi.